Nusu Isiyo Nusu: Istilahi za Elektroniki ya Nguvu na Vifaa Viwasilianavyo kwa Mfano wa Kampuni ya Infineon

Utangulizi

Fundi anayefunga mtambo wa umeme wa jua katika nyumba ya mashambani nchini Kenya hushughulikia vifaa vitatu vyenye kazi tatu. Cha kwanza hukaa kati ya paneli na betri, nacho huushusha umeme wa paneli hadi kiwango ambacho betri yaweza kukipokea bila kudhurika. Cha pili huuchukua umeme wa betri, ambao hutiririka upande mmoja tu, kikaufanya uwe wa kwenda na kurudi kama ule wa gridi ya taifa ili televisheni iweze kuutumia. Cha tatu ni chaja ya simu, ambayo huutendea umeme huohuo kinyume cha yale yaliyotendwa na kifaa cha pili. Mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili anapotakiwa kuvitaja vifaa hivi, mkono wake huelekea kwenye neno moja: kibadilishi cha umeme, au ndugu yake, kigeuzi. Hapana kosa la kisarufi hapo, kwani vyote vitatu hubadilisha umeme. Hata hivyo, msomaji atakayeingiza nyaya za paneli katika kifaa kisichostahili, kwa kuwa mwongozo uliviita vyote kwa jina moja, atapoteza kifaa na pengine hata nyumba.

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kufuata kazi ya kampuni moja, Infineon Technologies ya Ujerumani, ambayo imejijenga juu ya elektroniki ya nguvu na vifaa viwasilianavyo. Sababu ya kuichagua kampuni badala ya orodha ya maneno ni ya kimbinu. Uundaji wa istilahi za Kiswahili umetegemea sana orodha zilizopangwa kialfabeti, na kazi zilizotokana na mtindo huo, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, zilifungua njia ambayo hakuna aliyeifungua kabla. Lakini alfabeti huwatenga ndugu. Dhana mbili zinazopingana huweza kukaa kurasa mia mbali, kila moja ikapewa kisawe chake bila kumtazama mwenzake. Katika kiwanda, dhana hizo hukaa katika kisanduku kimoja.

Hoja inayotetewa ni kwamba jina la kitu laweza kukopwa bila hasara kubwa, ilhali jina la kitendo lafaa kuchimbwa katika kitenzi cha Kiswahili chenyewe, kwa kuwa ni katika kitenzi ambamo lugha hii imeweka akiba yake.

Kampuni na mapito yake

Infineon ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1999, pale kampuni ya Siemens ilipokitenga kitengo chake cha semikondakta kikasimama peke yake. Makao yake makuu yako Neubiberg, pembezoni mwa mji wa Munich. Jina lenyewe ni la kubuni. Limefinyangwa kutokana na maneno yenye maana ya kutokuwa na mwisho na ya enzi ndefu. Jina kubwa hilo halikuizuia kampuni kupogolewa. Mwaka 2006 ilikitenga kitengo cha chipu za kumbukumbu kikawa kampuni ya Qimonda, ambayo ilifilisika mwaka 2009. Kitengo cha chipu za simu za mkononi kiliuzwa kwa Intel katika mauzo yaliyotangazwa mwaka 2010 na kukamilika mwaka 2011. Kilichosalia ni shughuli ambazo wakati huo hazikuvuta macho ya wengi: umeme wa viwandani, elektroniki za magari, na chipu za kulinda kadi na pasipoti.

Baadaye ilianza kununua. Mwaka 2015 ilikamilisha ununuzi wa International Rectifier, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1947, kwa takriban dola bilioni 3. Mwaka 2016 ilikubaliana kuinunua Wolfspeed, mtengenezaji wa semikondakta za kabidi ya silikoni, lakini mpango huo ukavunjika mwaka 2017 baada ya serikali ya Marekani kuupinga kwa misingi ya usalama wa taifa. Mwaka 2020 iliinunua Cypress kwa takriban euro bilioni 9, ikapata chipu za udhibiti pamoja na zile za mawasiliano yasiyotumia waya. Mwaka 2023 ikaongeza GaN Systems ya Kanada kwa dola milioni 830. Mwaka 2021 ilifungua kiwanda kipya mjini Villach, Austria, kilichogharimu euro bilioni 1.6, na mwaka 2024 ikafungua kingine Kulim, Malaysia, kwa ajili ya kabidi ya silikoni.

Ununuzi wa mwaka 2015 una funzo dogo kwa mwanaistilahi. Jina International Rectifier limejengwa juu ya jina la kifaa, na tena jina la mtendaji lililonyambuliwa kutoka katika kitenzi chenye maana ya kunyoosha au kusahihisha. Kampuni ilijitambulisha kwa kitendo. Kitendo hicho kitarejelewa hapa chini.

Nusu isiyo nusu

Istilahi ya msingi katika uwanja huu hutajwa kwa Kiswahili kwa sura kadhaa: nusukipitishi, nusu kondakta, semikondakta. Sura mbili za kwanza ni tafsiri sisisi, na ubunifu wake hauna cha kujivunia wala cha kuonea haya, kwani Wajerumani walifanya vivyo hivyo. Neno lao, Halbleiter, lina sehemu mbili zenye maana ya nusu na kipitishi. Chanzo cha jina ni ukweli wa kimaabara: silikoni hupitisha umeme vizuri kuliko kioo na vibaya kuliko shaba. Iko katikati.

Tatizo ni kwamba kukaa katikati ndiko jambo ambalo chipu ya nguvu hutengenezwa ili kuliepuka. Hesabu ndogo yatosha kulionyesha. Chukua swichi ya semikondakta inayodhibiti umeme wa volti 400 kwenda kwa mtumiaji anayehitaji ampea 100, yaani wati 40,000. Swichi ikiwa imezuia kabisa, hakuna mkondo, na hakuna joto la kutajika. Ikiwa imepitisha kabisa, huenda ikabakiza volti 1 tu juu yake. Volti 1 kwa ampea 100 ni wati 100 zinazopotea kama joto, hasara ambayo kipoza joto kidogo hukidhi kuiondoa. Sasa iache swichi hiyohiyo katikati, ipitishe nusu: ampea 50 zikipita huku volti 200 zikiwa juu yake, wati 10,000 huishia ndani ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha. Kitateketea kabla mtu hajasoma kipimo.

Kwa hiyo ufundi wote wa elektroniki ya nguvu ni ufundi wa kuivuka nusu kwa kasi. Chipu huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme mwingi au mchache hupatikana kwa kurefusha au kufupisha muda wa kupitisha, wala si kwa kupitisha nusunusu. Kila mvuko una hasara yake ndogo. Hapo ndipo zilipo faida za kabidi ya silikoni na nitridi ya galiamu ambazo Infineon imezigharimia kiasi hicho: maada hizi hustahimili volti kubwa katika tabaka jembamba zaidi na huvuka haraka zaidi kuliko silikoni ya kawaida. Swichi inayovuka haraka yaweza kuwashwa na kuzimwa mara nyingi zaidi, na kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo koili na transfoma iliyo karibu nayo inavyoweza kuwa ndogo. Chaja nzito za zamani za kompyuta za mkononi zimesinyaa kwa sababu hiyo. Si ajabu kwamba chipu za Infineon huitwa CoolMOS, CoolSiC na CoolGaN: ubaridi ndio bidhaa.

Mwanafunzi anayeambiwa kuwa kifaa hiki ni nusukipitishi ataondoka na picha ya bomba lililoziba kwa kiasi. Istilahi imekuwa angavu, lakini uangavu wake umemwonyesha mahali pasipo. Miongoni mwa vigezo vya PEGITOSCA ambavyo wanaistilahi wa Kiswahili wamevizoea, uangavu huchukuliwa mara nyingi kama neema isiyo na gharama. Mfano huu unadokeza vingine. Neno la kigeni lisilo na maana ya ndani, semikondakta, halimwahidi msomaji chochote. Humwacha asubiri fasili. Kwa jina la maada, subira hiyo ni bora kuliko ahadi ya uongo, na ndiyo maana makala haya yanalitumia.

Fungua, funga, pitisha

Ugumu huongezeka tunapoingia katika vitenzi vya swichi. Katika fizikia ya shuleni, saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, na iliyofunguliwa ndiyo iliyokatika. Katika usemi wa kila siku mambo ni kinyume: mtu hufungulia redio ili isikike, hufungulia maji ili yatiririke, na wapo waufungao umeme wakimaanisha kuuzima. Mwanafunzi wa kidato cha pili hulazimika kuyapindua maana aliyoyanyonya nyumbani. Kiingereza nacho kina utata huohuo, lakini hakuna sababu ya kuurithi.

Transista yenyewe inatoa njia ya kutokea. Miongoni mwa ncha zake tatu, ile inayopokea amri huitwa kwa jina lenye maana ya lango. Volti ikitiwa langoni, mkondo hupita. Ikiondolewa, mkondo huzuiwa. Lango likifunguka, watu hupita: sitiari hii inakubaliana na usemi wa nyumbani. Tukilishika lango, na tukatumia kupitisha na kuzuia badala ya kufunga na kufungua, mkanganyiko mzima hutoweka bila kubuniwa neno jipya hata moja.

Kunyoosha na kugeuza

Turejee kwa vifaa vitatu vya fundi. Kiswahili tayari kina jozi nzuri ya majina ya mikondo: mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja, na mkondo geu, ambao katika gridi ya Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Vivumishi hivi viwili vina vitenzi pacha, kunyoosha na kugeuza, na lugha ina ruwaza kongwe ya kuunda jina la kifaa kwa kiambishi ki-, kitenzi na yambwa yake: kipimajoto, kizimamoto. Kwa kuifuata ruwaza hiyo, kifaa kinachoufanya mkondo geu uwe mnyoofu ni kinyoosha-mkondo, na kile kinachoufanya mnyoofu uwe geu ni kigeuza-mkondo. Atakayeyasikia majina haya mara ya kwanza ataweza kukisia ni mkondo upi unaotoka. Na kampuni ile iliyonunuliwa mwaka 2015, kwa jina lake la Kiingereza, haikuwa na maana nyingine ila Kinyoosha-mkondo cha Kimataifa.

Kuna kundi la tatu ambapo mkondo hubaki mnyoofu lakini volti hubadilika. Humo Kiingereza hutumia majina mawili mafupi ya mitaani ambayo hata wazungumzaji wake hukariri bila kuyaelewa. Kiswahili hakihitaji kukariri: kishusha-volti na kipandisha-volti. Kifaa cha kwanza cha fundi wetu, kati ya paneli na betri, mara nyingi ni kishusha-volti. Hapa ndipo mwanafunzi wa mofolojia anapopaswa kutua kidogo, kwa sababu unyambuaji wa kutendesha, shuka kuwa shusha na panda kuwa pandisha, umefanya kazi ambayo lugha ya asili ya teknolojia imeshindwa kuifanya kwa uwazi. Mtu ambaye hakusomea uhandisi anapata nusu ya fasili katika jina, na safari hii nusu hiyo ni ya kweli.

Neno kibadilishi lisitupwe. Lahitajika kama hipanimu, jina jumla linalovifunika vyote, na mahitaji hayo si ya kinadharia. Mwaka 2022 Kenya ilianza kupokea umeme kutoka Ethiopia kupitia njia ya kilovolti 500 yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,045, inayoanzia Wolayta Sodo na kuishia Suswa, yenye uwezo wa megawati 2,000. Umeme husafiri njiani ukiwa mnyoofu, kwa kuwa katika umbali huo mkondo geu hupoteza zaidi. Huko Wolayta Sodo hunyooshwa, na Suswa hugeuzwa ili uingie katika gridi yetu. Lakini mtiririko ukielekezwa upande wa pili, Suswa ndiyo itakayonyoosha. Kituo kama hicho ni kibadilishi: chaweza kuwa kinyoosha-mkondo asubuhi na kigeuza-mkondo jioni. Motokaa ya umeme nayo huwa hivyohivyo. Kifaa kinachougeuza umeme wa betri ili kuendesha mota ndicho kinachounyoosha umeme unaorudi betrini dereva anapopunguza mwendo mteremkoni.

Vifaa viwasilianavyo

Upande wa pili wa kazi ya Infineon, ulioimarishwa na ununuzi wa Cypress, ni vifaa vya kawaida vinavyotuma na kupokea habari: mita, kufuli, mashine ya kufulia, pampu. Muundo wa kifaa cha aina hii ni sentensi fupi yenye vitenzi vinne. Kuhisi: kihisi hupima joto, mwendo au shinikizo. Kukokotoa: chipu ya udhibiti huamua. Kutenda: swichi ya nguvu huwasha mota. Kuwasiliana: redio ndogo hupeleka habari kwingine. Elektroniki ya nguvu ni kitenzi cha tatu katika mfululizo huo, na ndiyo maana kampuni iliyokuwa na kutenda iliona haja ya kununua kukokotoa na kuwasiliana.

Kihisi ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Fupi, imenyambuliwa vizuri, na inazaa: kihisijoto, kihisimwendo. Kinyume chake ni usemi vifaa vilivyounganishwa, unaotafsiri Kiingereza neno kwa neno. Nchini Kenya, kuunganisha magari ni kuyaundia hapa kutokana na sehemu zilizoletwa kutoka nje. Kuunganishiwa umeme ni kuletewa nyaya. Msomaji wa usemi huo ataelewa ama kwamba kifaa kimeundwa kutokana na vipande, ama kwamba kimechomekwa ukutani. Hakuna kati ya maana hizo iliyokusudiwa, na zaidi ya hayo, kauli ya kutendwa yamfanya mtu aliyekiunganisha kuwa ndiye mhusika mkuu, ilhali kinachohusika ni kifaa chenyewe kusema na wenzake. Kitenzi wasiliana kimebeba kiambishi -an- cha kutendana, na kutendana ndiko kuliko. Vifaa viwasilianavyo vinatosha.

Usalama mmoja, dhana mbili

Lipo neno moja ambalo halikosi visawe bali lina maana nyingi mno. Chipu ya breki ya gari lazima isishindwe kwa bahati mbaya; chipu hiyohiyo lazima isiingiliwe kwa makusudi. Kiingereza kina majina mawili kwa mahitaji hayo. Kiswahili huyaita yote usalama. Kabla mtu hajalia upungufu, akumbuke kwamba Wajerumani, wenye kampuni yenyewe, huyaita yote Sicherheit, na magari yao hayajaacha kutengenezwa. Huongeza kivumishi pale inapobidi.

Umuhimu wa kutofautisha ulionekana mwaka 2017. Watafiti waligundua kwamba programu ya Infineon ya kuunda funguo za siri katika baadhi ya chipu zake ilitoa funguo zilizoweza kukisiwa kwa hesabu. Nchini Estonia, ambako raia hutia sahihi na kupata huduma za serikali kwa kadi ya kitambulisho, kadi zipatazo 750,000 ziliathirika, na mwezi Novemba mwaka huo serikali ikasimamisha vyeti vyake vya kielektroniki hadi vitakapofanywa upya. Hakuna chipu iliyoharibika. Kila kadi ilifanya kazi kama ilivyotengenezwa. Kwa maana ya kwanza ya usalama hapakuwa na tukio lolote la kuripoti. Kwa maana ya pili, mlango wa taifa zima ulikuwa umeegeshwa tu. Habari hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili kwa neno usalama pekee, msomaji hawezi kujua kama kadi ziliungua au ziliigwa. Ulinzi kwa maana ya pili, usalama ukaachiwa ya kwanza, ni mgawanyo ambao lugha inauruhusu bila kulazimishwa: mlinzi humzuia mtu, hamzuii ajali.

Kukubalika

Pingamizi lililo dhahiri ni kwamba mafundi hawatasema kigeuza-mkondo. Wana neno lao, inveta, nalo limeandikwa juu ya maboksi madukani. Historia iko upande wao. Tarakilishi na rununu zimeishi katika vitabu na taarifa za habari, huku sokoni watu wakinunua kompyuta na simu. Kwa kifaa hiki, busara ni kuyaandika majina yote mawili katika miongozo, inveta kwa ajili ya atakayeenda dukani na kigeuza-mkondo kwa ajili ya atakayetaka kujua kilichomo.

Hali ya kinyoosha-mkondo ni tofauti. Kifaa hicho hakiuzwi peke yake kwa mtumiaji wa kawaida. Kimefichwa ndani ya chaja, ndani ya redio, ndani ya taa. Hakina jina la dukani kwa sababu hakina duka, na hakuna neno la mkopo lililotangulia kuketi mahali pake. Kishusha-volti na kipandisha-volti navyo viko hivyohivyo. Mwalimu wa fizikia atakayeyatamka majina haya kesho hatakuwa anamnyang'anya fundi neno lake, kwani fundi huyo, akiifungua chaja iliyokufa, hukionyesha kipande hicho kwa kidole na kusema, "hiki hapa".